Ukigongwa na Dereva Akakimbia: Njia za Kisheria kwa Waendesha Pikipiki wa Ngorongoro na Karatu



Barabara itokayo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, ikapita Nainokanoka na kuelekea Bulati na Empakaai, ni ya udongo na changarawe, ina kona nyingi, na asubuhi nyingi hufunikwa na ukungu mzito. Huitumia wachungaji na mifugo yao, akina mama wenye punda, magari ya watalii waendao Olmoti na Empakaai, malori ya chakula na vijana wa bodaboda. Pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati, mwalimu kazini na gunia la unga nyumbani. Lakini aendeshaye pikipiki hana bati la kumkinga. Akigongwa, mwili wake ndio bampa.

Ajali ikitokea na dereva wa gari akasimama, angalau yupo mtu wa kuulizwa. Taabu kubwa huanza pale dereva anapokanyaga mafuta na kutoweka. Ndugu humwokota majeruhi wao, huuza ng'ombe ili apate matibabu, kisha husema: “Tumshtaki nani, na aliyemgonga hajulikani?” Kijana hubaki na mguu uliovunjika, na huku mwenye pikipiki anaendelea kumdai hesabu ya kila siku.

Ninalotaka kulieleza katika makala hii ni hili: kukimbia kwa dereva hakufuti haki ya aliyegongwa. Mara nyingi kinachoifuta ni ukimya wa siku za mwanzo. Ushahidi ambao haukuchukuliwa mapema, fomu ambayo haikujazwa na jina la shahidi ambalo halikuandikwa huleta hasara ambayo wakili hodari hawezi kuiondoa baadaye. Kwa hiyo inafaa kila jumuiya iyajue mambo haya kabla ya ajali.

Sheria inamtaka dereva afanye nini

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania, ambayo asili yake ni ya mwaka 1973, inamwekea wajibu kila dereva ambaye gari lake limehusika katika ajali. Inampasa asimame, atoe msaada kwa aliyeumia, ajitambulishe kwa wanaostahili kujua, na atoe taarifa polisi. Wajibu huo haungojei kwanza ijulikane ni nani mwenye kosa. Hata dereva aliyegongwa na pikipiki iliyotoka upande usio wake anapaswa kusimama.

Basi anayemgonga mtu na kukimbia anaweza kuwa na makosa mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni kuendesha kwa uzembe au kwa hatari na kusababisha majeraha au kifo. La pili ni kutosimama na kutotoa taarifa. Hata kama la kwanza halitathibitika, la pili linaweza kusimama peke yake mahakamani. Jambo hili ni muhimu kwa familia zinazokata tamaa kwa kudhani kwamba hakuna aliyeona namna ajali ilivyotokea.

Saa za mwanzo

Uhai hutangulia karatasi. Majeruhi apelekwe kwanza penye matibabu, iwe zahanati ya jirani, Hospitali ya Endulen au hospitali za Karatu. Lakini wakati mmoja anampeleka hospitali, mwingine aende kituo cha polisi au apige simu namba 112. Kazi hizi mbili zisifanywe na mtu mmoja, kwa maana aliye kando ya mgonjwa hawezi kuwa pia kituoni.

Polisi watapokea taarifa na kuipa namba ya kumbukumbu, ambayo wengi tunaiita RB. Namba hiyo iandikwe na kutunzwa. Watatoa pia fomu ya PF3, ambayo daktari hujaza aina na ukubwa wa majeraha. Fomu hii ndiyo daraja kati ya hospitali na mahakama. Kabla ya kuirudisha polisi, itolewe nakala na kuhifadhiwa. Familia iombe pia askari wa usalama barabarani wafike mahali pa ajali, wapime na kuchora ramani yake. Mvua moja tu ya Nainokanoka inatosha kufuta alama zote za matairi.

Wakati askari hawajafika, aliyepo eneo la tukio anaweza kufanya mambo manne kwa simu yake ya mkononi. Apige picha ya pikipiki ilivyolala kabla haijasogezwa, na picha ya barabara kwa pande zote mbili. Apige picha ya vipande vilivyodondoka, yaani kioo cha taa, kioo cha pembeni na rangi iliyobaki kwenye chuma, kisha vipande hivyo avikabidhi kwa askari. Aandike saa kamili na upande ambao gari limeelekea. Mwisho aandike majina ya mashahidi na namba zao za simu, pamoja na kijiji na kitongoji chao. Hili la mwisho lina uzito wa pekee katika tarafa yetu. Mchungaji aliyeona ajali leo anaweza kuwa amehamisha mifugo yake mwezi ujao, na tangu mwaka 2022 familia nyingine zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Shahidi ambaye namba yake haikuandikwa ni vigumu kumpata tena.

Hifadhi ina milango

Wengi hudhani kwamba gari lililokimbia limepotea moja kwa moja. Katika mji mkubwa huenda ikawa hivyo. Ngorongoro mambo ni tofauti kidogo. Gari linaloelekea Karatu hupita lango la Loduare, na linaloelekea Serengeti kwa njia kuu hupita lango la Naabi. Magari ya watalii hayaingii hifadhini bila kibali na malipo, na kumbukumbu za malipo hayo hutaja gari. Kwa hiyo, taarifa ikifika mapema kwa polisi na kwa askari wa hifadhi, dereva anaweza kusubiriwa mlangoni kabla hajatoka. Taarifa ikichelewa siku mbili, gari litakuwa limeshafika Arusha, limenyooshwa bodi na kupakwa rangi.

Hata namba isiyo kamili ni msaada. Shahidi aliyeona herufi mbili na tarakimu moja aziseme zilezile alizoziona, asijaze pengo kwa kukisia. Aseme pia rangi ya kibao cha namba, kwa kuwa magari ya binafsi huwa na kibao cha njano na ya biashara huwa na kibao cheupe. Aseme kama namba zilianza na herufi T kama magari ya kawaida, au SU za mashirika ya umma, au SM za serikali za mitaa. Aseme aina ya gari, nembo iliyochorwa mlangoni, gurudumu la akiba lilikaa wapi, na taa gani ilivunjika. Namba ikijulikana, polisi wanaweza kumpata mmiliki kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayosajili magari. Mmiliki naye hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba siye aliyeshika usukani siku ile. Ataulizwa ni nani aliyekuwa nao.

Njia ya kwanza: shauri la jinai

Dereva akipatikana, Jamhuri ndiyo inayomshtaki. Majeruhi halipi ada yoyote, wala hahitaji wakili. Yeye ni shahidi. Wajibu wake ni kufika mahakamani kila anapoitwa, na hapa ndipo kesi nyingi huanguka: mashahidi wanashindwa nauli ya kutoka vijijini, au wanachoka, na shauri linaondolewa.

Mahakama ikimtia dereva hatiani inaweza kumhukumu faini au kifungo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa pia uwezo wa kuamuru alipe fidia kwa aliyeumia. Wengi hawalijui hili, na hivyo hawaliombi. Ni vema majeruhi amweleze mwendesha mashtaka mapema hasara aliyopata, akiwa na risiti mkononi, ili jambo hilo lifikishwe mbele ya hakimu.

Kuna faida nyingine. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ambayo muda wake wa rufaa umekwisha huchukuliwa kuwa ushahidi wa mwisho kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Kwa hiyo majeruhi anayefungua baadaye shauri la madai hahitaji kuanza upya kuthibitisha kosa hilo.

Njia ya pili: shauri la madai na bima

Faini anayolipa dereva huenda serikalini. Haimlipii majeruhi vyuma vilivyowekwa mguuni mwake. Ili apate fidia kamili, mara nyingi hulazimika kudai mwenyewe, ama kwa mazungumzo na kampuni ya bima, ama kwa kufungua shauri la madai katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Shauri linaweza kufunguliwa mahali ajali ilipotokea au mahali anapoishi mdaiwa.

Nani adaiwe? Wa kwanza ni dereva. Wa pili ni mwajiri wake, kama dereva alikuwa kazini. Kampuni ya utalii, mwenye lori au mfanyabiashara aliyemtuma dereva wake hubeba dhima ya uzembe wa mtumishi huyo. Hii ndiyo sababu jina lililochorwa mlangoni lina thamani kubwa: dereva anaweza kuwa hana kitu, lakini aliyemtuma anacho.

Nyuma yao yupo mwenye bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia gari barabarani bila bima inayowakinga watu wengine dhidi ya kifo na majeraha. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Sheria hiyo inailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa madhara ya namna hiyo, mradi kampuni imepewa taarifa ya shauri kwa wakati. Kwa hiyo barua kwa kampuni ya bima itangulie, wala isingoje hukumu. Namba ya gari ikijulikana, bima yake inaweza kuhakikiwa kwa mtandao katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Kampuni ikisuasua bila sababu, malalamiko yapelekwe TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Gari likiwa la Kenya, haki haiishii mpakani. Tanzania na Kenya zote zimo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambao huiwezesha bima ya gari la nchi moja kuwalipa walioumizwa katika nchi nyingine. Gari likiwa la Serikali, mdai hana budi kwanza kutoa taarifa ya kusudio la kushtaki ya siku 90. Kwa marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unahusu pia halmashauri na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri. Asiyejua hili anaweza kufungua shauri zuri likatupwa kwa kukosa taarifa hiyo.

Je, kama mwendesha pikipiki naye alikuwa na kosa, tuseme hakuwa na leseni au hakuvaa kofia ngumu? Asikae kimya kwa hofu. Atawajibika kwa kosa lake, na mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wake katika ajali au katika majeraha yake. Lakini kukosa leseni hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kumgonga na kumwacha mtaroni. Abiria wake naye ana madai yake mwenyewe.

Na kama aliyegongwa amefariki dunia, haki haizikwi naye. Sheria inawaruhusu wategemezi wake, yaani mke au mume, watoto na wazazi, kudai kwa ajili ya tegemeo walilolipoteza. Familia iitishe kikao mapema na kumteua msimamizi wa mirathi, kwa kuwa huyo ndiye atakayesimama kwa niaba ya marehemu.

Njia ya tatu: fidia ya mfanyakazi

Njia hii husahaulika, ingawa kwa aliyegongwa na gari lisilojulikana inaweza kuwa iliyo bora kuliko zote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huu hauulizi nani mwenye kosa, wala haudai gari lipatikane. Unauliza kama aliyeumia ni mfanyakazi na kama aliumia akiwa kazini. Ukiridhika, hugharimia matibabu na kulipa fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu. Akifa, huwalipa wategemezi.

Fikiri juu ya muuguzi anayekwenda kliniki ya kijijini kwa pikipiki ya kazi, au afisa mifugo, au mlinzi wa kambi ya watalii aliyetumwa Karatu na mwajiri wake. Hao wote wanaweza kudai WCF hata kama aliyewagonga hatajulikana kamwe. Mwajiri anapaswa kuwa amewasajili na kutoa taarifa ya ajali. Neno hili linazihusu pia parokia, shule na zahanati zetu. Mtumishi aliyeajiriwa nasi, tunayempa pikipiki na kumtuma vigangoni, ni mfanyakazi mbele ya sheria. Tusihubiri haki ya kijamii mimbarani huku mtumishi wetu akiwa hajasajiliwa.

Kwa kijana wa bodaboda aliye chini ya mkataba na mwenye pikipiki, suala la kama ni mwajiriwa au la hutegemea uhusiano wao halisi. Mkataba huo upelekwe kwa mwanasheria ausome, nao uwe wa maandishi. Mkataba mwema husema wazi tangu siku ya kwanza nini kitafanyika kwa hesabu ya kila siku pindi pikipiki ikiharibika katika ajali isiyo kosa la dereva.

Gari lisipopatikana kabisa

Inatupasa kusema ukweli. Bima ya lazima imejengwa juu ya gari linalojulikana: kampuni hulipa kwa sababu mteja wake amepatikana na kosa. Asiyeweza kumtaja mdaiwa hana wa kumpelekea hati ya madai. Nchi nyingine zimeliziba pengo hili. Uingereza ina ofisi ya pamoja ya makampuni ya bima tangu mwaka 1946, ambayo leo huwalipa hata waliogongwa na madereva wasiojulikana. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani unaotokana na tozo ya mafuta. India ina mpango maalumu kwa waliogongwa na magari yaliyokimbia. Ni halali kwa raia kuwaomba wawakilishi wao walitazame jambo hili, na ni halali kwa Wakristo kuwa miongoni mwa wanaoomba.

Kwa sasa kijana wa bodaboda asiye mwajiriwa ajiwekee kinga yake mwenyewe: bima ya afya, na bima ya ajali binafsi ambayo hulipa bila kumtafuta mwenye kosa. Vikundi vya bodaboda vinaweza kuikata kwa pamoja. Kikundi chenye daftari la wanachama na mweka hazina mwaminifu kinaweza pia kuwa na mfuko mdogo wa dharura, usioguswa kwa jambo lingine lolote.

Risiti, na muda

Mahakama zetu hutofautisha hasara mahsusi na fidia ya jumla. Fidia ya jumla ni kwa ajili ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, na hakimu huikadiria. Hasara mahsusi ni fedha zilizotumika kwa hesabu kamili: dawa, upasuaji, nauli, matengenezo ya pikipiki na kipato kilichopotea. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 1992, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, kwamba hasara mahsusi sharti itajwe waziwazi katika madai na kuthibitishwa. Kwa maneno mepesi, lisilo na ushahidi halilipwi. Aliyeuza ng'ombe 3 mnadani kwa ajili ya matibabu aombe hati ya mauzo. Aliyekodi gari kumpeleka mgonjwa Moshi au Arusha aombe maandishi ya dereva. Kijana aweke daftari la mapato yake ya kila siku kabla ya ajali, maana baada ya ajali hakuna atakayelisadiki lililoandikwa usiku mmoja.

Muda nao una mwisho. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya madhara yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyeambiwa “subiri, tutakulipa” kwa miaka 3 na mwezi 1 anaweza kukuta mlango umefungwa. Wategemezi wa marehemu na wenye madai ya WCF wasingoje hata nusu ya muda huo. Wamwone mwanasheria au ofisi ya Mfuko ndani ya wiki za mwanzo.

Kuyamaliza nyumbani

Katika jamii zetu za Wamasai na Wairaki, wazee hukaa na kupatanisha, nalo ni jambo jema ambalo Kanisa linaliheshimu. Hatari iko katika upatanisho wa haraka usio na karatasi. Mjumbe wa dereva huja hospitalini siku ya tatu akiwa na laki kadhaa, na familia iliyochoka hutia dole gumba kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba hawatadai tena. Mwezi wa pili daktari anasema mguu utahitaji upasuaji mwingine. Karatasi ile itasomwa mahakamani.

Kwa hiyo mambo matatu yazingatiwe. Makubaliano ya mwisho yasitiwe saini kabla daktari hajaeleza hali ya kudumu ya majeruhi. Fedha zinazotolewa mapema ziandikwe kuwa ni msaada wa matibabu, si malipo ya mwisho. Na ifahamike kwamba kosa la jinai ni la Jamhuri. Wazee wanaweza kupatanisha nyoyo na kukubaliana fidia, lakini hawana mamlaka ya kufuta kesi iliyo mbele ya hakimu.

Msaada upo wapi

Umaskini si kizuizi cha mwisho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure wasio na uwezo. Mwulize afisa maendeleo ya jamii au ofisi ya halmashauri, Loliondo au Karatu, wasaidizi waliosajiliwa ni akina nani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha. Katika parokia, anzeni na Tume ya Haki na Amani. Lugha nayo isimtie mtu woga. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na asemaye Kimasai pekee ana haki ya mkalimani.

Jihadharini na madalali wanaozungukia wodi wakiahidi mamilioni. Wakili wa kweli ana cheti cha kufanya kazi ya uwakili, hutoa mkataba wa ada kwa maandishi, na haombi asaini kwa niaba yako mahali pa kupokelea fedha.

Neno kwa madereva, na kwa tunaokusanyika

Wengi wa madereva wanaopita barabara hizi ni waamini wenzetu wa Karatu, Mto wa Mbu na Arusha. Kwenu nasema kwa upendo: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Namba 2412 inafundisha kwamba haki iliyovunjwa hudai malipizi. Kitubio husamehe dhambi, na siri yake haivunjwi kamwe. Lakini aliyeungama kwamba alimwacha mtu barabarani hajamaliza deni lake mpaka amtafute yule aliyemuumiza na kurekebisha kadiri awezavyo. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji lilitoa mwongozo wa uchungaji barabarani wenye amri kumi kwa madereva. Mojawapo inahimiza kusaidia familia za walioumizwa, na nyingine kumkutanisha mwenye kosa na aliyeumia, wakati ufaao, ili wauonje msamaha. Tazameni kwamba msamaha huo unahitaji dereva awepo. Msamaha ni wa moyo na fidia ni ya haki. Aliyesamehe hajafanya dhambi akidai matibabu yake, na anayedai matibabu yake hajakataa kusamehe.

Na kwetu sisi tunaokusanyika penye ajali: madereva wengi hukimbia kwa sababu wanaogopa kupigwa mawe na kuchomewa gari. Umati wenye fimbo unapomzingira dereva, unamfundisha yule wa kesho asisimame. Zaidi ya hayo, gari lililochomwa halina ushahidi tena, na kijana aliyelichoma anageuka mshtakiwa. Dereva anayehofia uhai wake aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha. Nasi tuhakikishe kwamba anayesimama anabaki salama. Msamaria wa Injili hakuwakimbilia wanyang'anyi. Alifunga majeraha, akambeba mtu yule, akamlipia gharama nyumba ya wageni, na akaahidi kurudi.

Napendekeza basi kila jumuiya ndogo ndogo iliyo kando ya barabara, kuanzia Nainokanoka na Irkeepusi hadi vigango vya Karatu, iteue watu wawili. Mmoja ajifunze huduma ya kwanza. Mwingine awe na daftari, kalamu, simu yenye chaji na namba za polisi, za lango la hifadhi na za msaidizi wa kisheria. Siku ya ajali mmoja atashughulika na damu na mwingine ataandika. Wote wawili watakuwa wanamhudumia mtu yuleyule.